Waya Mzima kwa Nje

Hadithi hadithi! Najua mtaitika kwamba hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Utamu karibu. Uongo leo ukae nje ya ua, maana hadithi hii ni ya umeme, na umeme haudanganywi: njia ikiwa nzima unapita, njia ikikatika hausogei hata unywele mmoja. Pacha ninaowasimulia nimewatunga mwenyewe. Lakini udongo, mashine na waya ni vya kweli, na walichofanya hata wewe unaweza kukifanya.

Basi palikuwa na pacha huko Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Usukumani wazazi wa pacha hawahangaiki kutafuta majina: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Kulwa wetu alikuwa msichana, na maswali yake hayakwisha. Doto alikuwa mvulana mwenye mikono myepesi, aliyeshika spana kwanza na kufikiri baadaye.

Kishapu ni nchi ya pamba. Kiangazi, udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Mvua za Novemba zikishuka, udongo ule ule hunywa maji, hufura na kunata kwenye kandambili mpaka unatembea kama umevaa matofali. Siku za kupanda ni chache, kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Ukichelewa, mvua inakwisha pamba yako ikiwa bado changa.

Zamani wakulima walielekezwa waache sentimita 90 kati ya mstari na mstari, na sentimita 40 kati ya shimo na shimo. Miaka ya karibuni wataalamu wa pamba wamehimiza 60 kwa 30. Chukua ekari moja, uihesabu kuwa mita za mraba 4,000. Kwa nafasi ya zamani unapata mashimo 11,111, na kwa mimea miwili kila shimo ni mimea 22,222. Kwa nafasi mpya mashimo yanakuwa 22,222 na mimea 44,444. Mara mbili kamili! Sasa fikiria mgongo wa mtu anayeinama mara 22,222 kwa ekari moja.

Ndiyo maana AMCOS, yaani ushirika wa wakulima, ya kijiji cha pacha hawa ilinunua planta ya mtumba, ya mistari sita, ya kuvutwa na trekta. Wazo lenyewe la kupanda mistari kwa mashine ni la kale. Wachina walikuwa na kifaa cha kupandia mistari kadhaa kwa pamoja zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Mwingereza Jethro Tull alitengeneza cha kwake mwaka 1701. Kipya katika planta ya AMCOS kilikuwa umeme.

Planta hiyo ina masanduku sita ya mbegu. Mbegu za pamba zinazotiwa humo ni zile zilizoondolewa manyoya, kwa sababu zenye manyoya hushikana na kuziba tundu. Chini ya kila sanduku kuna sahani inayozunguka na kuangusha mbegu kwa mpangilio. Trekta likifika mwisho wa shamba, dereva huinua planta kwa haidroliki, anageuza, kisha anaishusha kwenye mistari mipya. Planta ikiwa juu, sahani lazima zisimame, la sivyo mbegu zinamwagika ovyo pale pa kugeuzia. Ikiwa chini, lazima zizunguke. Nani anaziambia? Si dereva, mikono yake imejaa usukani. Kazi hiyo ni ya swichi ndogo, fupi kuliko kidole chako cha shahada, iliyofungwa kwenye fremu karibu na gurudumu. Swichi inajua neno moja tu: niko juu, au niko chini. Neno hilo hupita kwenye nyaya mbili hadi kwenye kiwambo ndani ya kabini. Kiwambo ndicho kinachoamuru klachi ya umeme ishike, sahani zizunguke, au iachie, zisimame.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na trekta likaingia shambani. Kulwa na Doto walitembea nyuma ya planta wakifukua udongo kidogo kwa vidole kuona kama mbegu zimeangukia mahali pake. Mstari ulienda vizuri, kisha hapakuwa na mbegu. Walifukua mbele, wapi! Mita tatu nzima tupu, kisha mbegu zikaanza tena.

Kulwa akapiga hesabu kwa sauti. Mita tatu ni mashimo kumi, na mistari ni sita. "Mashimo sitini, Doto! Na pengo lenyewe ni moja tu. Tazama, lile pale jingine."

Wakamkimbilia dereva. "Shikamoo kaka. Planta inaruka!"

Dereva akazima injini, akawaonyesha kiwambo. Planta ilikuwa imekaa chini kabisa, makoleo yake yamezama udongoni, lakini mshale kwenye kiwambo ulielekea juu. "Inaniambia iko juu," akasema. "Wiki jana ilianza, tukamwita fundi mmoja wa kupita. Akagusagusa huko nyuma, ikatulia siku moja. Sasa imerudi na mengi."

"Swichi imekufa," akasema Doto. "Tununue nyingine."

Hapo ndipo mjomba wao alipotokea kwa baiskeli. Mjomba ni fundi umeme, na muda mwingi wa mwaka yuko Nyarugusu, mkoa wa Geita, akitengeneza karasha na winchi za wachimbaji wadogo. Msimu wa kilimo hurudi nyumbani.

"Mwangaluka, mjomba!" wakamsalimia.

"Mwangaluka, wanangu. Nani kafa?"

"Swichi," akasema Doto.

"Umempima?"

Doto akanyamaza.

Kabla ya yote mjomba aliuliza ufunguo wa trekta uko wapi, akautia mfukoni mwake. Kisha akachungulia chini ya planta kuhakikisha imekaa ardhini yenyewe, haining'inii. Nanyi sikilizeni hapa. Planta ni chuma cha uzito wa ng'ombe kadhaa. Ikiwa imeinuliwa, kinachoishikilia ni mafuta ndani ya bomba, na bomba likipasuka haitasubiri mtu atoke chini yake. Hakuna anayeingia chini ya mashine iliyoinuliwa mpaka vizuizi vya chuma viwekwe, na mtoto haingii hata vikiwekwa.

"Sasa nielezeni njia," akasema mjomba. "Msiniambie ugonjwa kwanza. Niambieni umeme unatoka wapi na unapita wapi."

Kulwa akaifuata kwa kidole. Nyaya mbili zinatoka kwenye kiwambo, zinashuka nyuma ya kiti, zinafika kwenye konekta iliyo nyuma ya trekta. Hapo zinaungana na nyaya za planta, zinazopita juu ya mkono wa kuvutia, zinavuka kiungo ambapo mkono unakutana na fremu, zinafuata fremu hadi karibu na gurudumu. Mwisho kuna konekta ndogo, kisha swichi.

"Na swichi yenyewe inafanyaje kazi?"

Hilo Kulwa hakulijua, hivyo mjomba akaeleza. Swichi hii ni ya sumaku. Ndani ya ganda lake la plastiki kuna kichupa chembamba cha kioo, na ndani ya kichupa vipande viwili vya chuma laini vimelala karibu bila kugusana. Sumaku ikisogea jirani, vinavutana na kugusana, na umeme unapita. Sumaku ikienda zake, vinaachana. Sumaku imefungwa kwenye mkono wa gurudumu: planta ikishuka, inasogea karibu na swichi, planta ikiinuliwa, inaondoka. Kwa hiyo kwenye mashine hii njia ikiungana maana yake ni chini, na njia ikikatika maana yake ni juu. Mashine nyingine zimepangwa kinyume, na nyingine hazina sumaku, zina kijiti kinachobonyezwa. Ndiyo maana fundi huanza kwa kujua mashine iliyo mbele yake.

"Kiwambo kinasema juu," mjomba akaendelea, "basi mahali fulani njia imekatika. Wapi?"

"Kwenye swichi," akasema Doto.

"Labda. Lakini bomba la kijiji likikauka, mnafukua bomba lote kutoka kisimani? Mnafungua koki ya katikati. Maji yakitoka, mnajua upande wa kisimani ni mzima na mnatafuta upande wa pili. Fanyeni hivyo hivyo."

Akachomoa swichi kwenye konekta yake, akakata kipande kifupi cha waya, akachuna ncha zote mbili, akampa Doto. Kisha akarudisha ufunguo na kuuzungusha hatua ya kwanza tu, kiwambo kiwake bila injini kunguruma. "Waya huu ndiyo swichi yetu ya muda. Unganisha hizo pini mbili za upande wa fremu. Swichi ikiwa ndiyo mgonjwa, mshale utashuka chini."

Doto akaunganisha. Kulwa akapanda kabini kutazama. "Juu!" akapaza sauti. "Bado juu!"

Doto akaitazama ile swichi aliyotaka kuizika. Huenda ni nzima, kwa sababu hata bila yenyewe ugonjwa uko pale pale.

Wakahamia nyuma ya trekta, wakatenganisha ile konekta kubwa. Mjomba akawaonyesha pini mbili za swichi, zilizoandikwa namba kwenye plastiki, akasisitiza wasiguse nyingine kwa sababu humo humo kuna nyaya zenye umeme wa klachi. Doto akaunganisha hizo mbili upande wa trekta.

"Chini!" akaita Kulwa. "Mjomba, imeshuka!"

Kwa maswali mawili tu, kiwambo kilitoka kwenye orodha ya washukiwa, na nyaya zote za trekta zikatoka pamoja nacho. Kilichobaki ni nyaya za planta, kutoka konekta kubwa hadi ile ndogo.

Mjomba akazima tena, akatoa mita yake. Mita ina mahali pa kupimia kama waya umeungana: ukigusa ncha mbili na njia ni nzima, inalia pii. Ila kipimo hicho ni cha waya usio na umeme, na ndiyo maana pande zote mbili zilikuwa zimechomolewa. Vipimio vyake ni vifupi, haviwezi kufika mwisho hadi mwisho wa planta, basi akarefusha kimoja kwa waya mrefu wa redio mbovu. Waya wa kwanza ukalia pii. Waya wa pili kimya.

"Huyu," akasema Doto.

"Huyu, lakini wapi katika urefu wake?"

Kulwa akautazama waya kuanzia konekta hadi konekta. Ganda lake jeusi lilikuwa zima, halikuwa na jeraha wala meno ya panya. Basi akaanza kuukunja taratibu, kidole baada ya kidole, Doto ameshikilia vipimio. Kimya, kimya, kimya. Alipofika pale kwenye kiungo cha mkono na fremu, mita ikalia pii, kisha ikakata. Akakunja tena: pii, kimya, pii. Na vidole vyake vikahisi kitu ambacho macho hayakuona. Kwingine kote waya ulikuwa mgumu kidogo. Pale ulilegea kama kamba ya kiatu.

Mjomba akapasua ganda kwa kisu. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote na kugeuka kijani. Kila planta ilipoinuliwa na kushushwa, kiungo kile kiliupinda waya mahali pale pale, uzi mmoja mmoja ukikatika, na unyevu ukaingia kumalizia. Trekta likiwa kwenye ardhi laini, ncha mbili zilikuwa zinagusana na mbegu zinaanguka. Likirushwa na tuta, zinaachana.

Dereva alitaka zikunjwe tu pamoja na kufungwa mfuko wa nailoni, kazi iendelee. Mjomba akakataa. Alikata sehemu yote ya kijani hadi akafika kwenye shaba inayong'aa, akaongeza kipande cha waya mpya, akaunganisha kwa kuchomelea risasi, akavisha kila kiungo mpira unaosinyaa kwa joto. Kisha akaacha waya uwe na ulegevu pale kwenye kiungo, ili chuma kipinde bila kuuvuta, na akaufunga kando mahali pasipobanwa.

Risasi ilipokuwa inapoa, Kulwa akauliza swali lililokuwa linamkera. "Mjomba, kwa nini waya ukikatika planta inasema juu? Si ingesema chini, angalau mbegu zianguke?"

"Swali zuri kuliko yote ya leo," akasema mjomba, akawapeleka kwa maneno hadi migodini. Kule Bulyanhulu, mgodi ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2001, kuna shimo la wima lenye kina cha kilomita moja hivi, na winchi kubwa inapandisha mawe kutoka chini. Katika winchi za namna hiyo huwekwa swichi juu kabisa, ili chombo kikizidi kupanda, umeme ukatwe na breki zishike. Waundaji waliipanga njia hiyo iwe na umeme wakati wote kazi inapoenda salama. Swichi ikifunguka, winchi inasimama. Waya ukikatwa na jiwe, winchi inasimama vilevile. Wangeipanga kinyume, waya uliokatika ungenyamaza kimya, na siku chombo kinazidi kupanda hakuna ambaye angejua. "Mashine nzuri," akasema, "ikikosa habari inasimama. Pengo shambani unaliona, unarudia kupanda. Lakini mbegu za gunia zima zikimwagika pa kugeuzia, umezipoteza."

Wakarudisha konekta zote, wakajaribu. Mshale ukaelekea chini, ukakaa. Dereva akapiga makofi, wote wakasogea mbali, akawasha injini na kuinua planta.

Mshale ukabaki chini. Planta iko juu, mshale uko chini!

"Umeharibu mjomba!" akasema Doto, kisha akaficha mdomo kwa kiganja. Mjomba akacheka. Akamwashiria dereva ashushe planta na kuzima injini. "Haya, mpime. Mnaijua njia."

Safari hii Doto hakukimbilia kununua kitu. Alifikiri, midomo ikichezacheza. Sasa njia imeungana wakati haitakiwi. Ama nyaya mbili zimegusana mahali, ama swichi imeshikilia. Akachomoa swichi kwenye konekta ndogo, bila kuunganisha chochote. "Kulwa, kinasemaje?"

"Juu!"

Kwa hiyo nyaya hazijagusana, kwani zingegusana kiwambo kingeendelea kusema chini hata swichi ikiwa mfukoni. Swichi ndiyo inayoshikilia. Wakaitazama kwa karibu, wakaona alama mpya za spana kwenye kibati cha sumaku, na mstari wa kutu unaoonyesha mahali kibati kilipokaa miaka yote. Yule fundi wa kupita, alipoona planta inasema juu, alidhani sumaku iko mbali, akaisogeza karibu mno. Ilitulia siku moja kwa bahati ya waya. Sasa waya umepona, na sumaku iko karibu kiasi kwamba hata planta ikiinuliwa bado inaivuta swichi.

Doto akalegeza nati, akarudisha kibati kwenye mstari wa kutu, akakaza. Dereva akainua: juu. Akashusha: chini. Mara kumi, bila kosa.

Kama mnadhani mambo haya ni madogo, kumbukeni kilichotokea hapa hapa nchini. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Walileta matrekta mengi, mengine masalia ya vita. Yakaharibika kwa wingi, mafundi na vipuri vikiwa haba. Mvua nayo haikuwahurumia. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Fedha haikukosekana pale, wala chuma; mikono ya kuyatengeneza ndiyo iliyopungua. Leo vyuo vya VETA, kile cha Shinyanga kikiwemo, vinafundisha vijana ufundi.

Sasa zamu yenu. Tafuta betri za tochi, balbu yake ndogo, na vipande tisa vya waya. Umeme wa nyumbani usiuguse kabisa, huo unaua. Chuna kila kipande kidogo kwenye ncha na katikati, halafu unganisha vyote tisa kwa mstari mmoja, upate viungo vinane, kila kimoja kimefungwa tepu. Mwambie ndugu yako atie karatasi ndani ya kiungo kimoja ukiwa hutazami. Kipimo ni kuunganisha betri na balbu kati ya sehemu mbili zilizochunwa: balbu ikiwaka, njia ni nzima. Ukipima kimoja kimoja unaweza kupima mara saba kabla hujakipata. Ukianzia katikati, kutoka kipande cha kwanza hadi cha tano, utakuwa umekipata kwa vipimo vitatu. Viungo vikiwa 16, vipimo vinne vinatosha.

Ukishaweza, mwambie afiche karatasi tena, ila safari hii asikuambie kama ni moja au ni mbili.